Ndiva: Maji Yanayolala

Kiangazi, kijito kinachoteremka Milima ya Pare kuelekea tambarare za Hedaru na Makanya huwa chembamba. Kikiachwa kitiririke chenyewe kwenye mfereji wa udongo, ardhi hukinywa kabla hakijafika shamba la mwisho. Wapare walipata jibu kabla ya utawala wa Wajerumani: ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji usiku kucha. Asubuhi tundu la chini huzibuliwa, na maji hutoka yakiwa na nguvu ya kufika mbali.

Yakipungua, swali la kwanza ni moja: je, ndiva ilijaa usiku? Kama ilijaa, tafuta chini yake. Mfereji umevuja, au (tuseme ukweli) jirani kajifungulia. Kama haikujaa, panda hadi kwenye banio ukaangalie majani, kisha pima tope. Tope huzolewa kwa msaragambo, na asiyetokea hutozwa faini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndiva ya Manoo, kijijini Bangalala, ilipanuliwa. Nafasi iliongezeka, lakini tope bado linashuka kutoka mashamba ya juu, ambako msaragambo wa watu wa chini hauna amri.