Nyota wa Seli Moja: Kichekesho cha Maswa, 1922

Tuseme kituo cha televisheni kimeamua kurusha kichekesho ambacho wahusika wake ni viumbe wa seli moja, nacho kinatafuta mahali pa kupigia picha. Ningekielekeza Simiyu. Wafaransa walikwisha kuonyesha mwaka 1987, katika katuni ya Albert Barillé kuhusu mwili wa binadamu, kwamba seli yaweza kuigiza. Sisi nasi tunaye nyota: tripanosoma, aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe.

Kipaji chake ni kubadili mavazi. Ndani ya damu hujifunika koti la protini. Kinga ya mwili inapojifunza kulitambua, baadhi yao wamekwisha kuvaa jingine, na msako huanza upya. Usafiri wake ni mbung'o. Mwaka 1922 malale yaligunduliwa Maswa, wilaya iliyokuja kuizaa Bariadi, na Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Waingereza, akaenda kuchunguza. Aliyataka mbung'o yatoweke; wataalamu wakampa mbung'o wa huko jina lake, Glossina swynnertoni. Mtunzi gani angebuni mzaha kuupita huo?

Lakini mchezo usianzie 1922. Uanzie miaka ya 1890, sotoka ilipoteketeza mifugo (kirusi chake hata seli si, kwa hiyo kiingie kama mgeni mwalikwa). Helge Kjekshus, aliyepata kufundisha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha 1977 jinsi malisho yaliyoachwa yalivyogeuka vichaka, na vichaka vikawa makazi ya mbung'o na ya wanyama wabebao vimelea. Kumbe wafugaji na wakulima walikuwa wakimdhibiti mdudu huyo kwa kwato na jembe, bila ofisi wala cheo. Wakoloni waliofika baada ya maafa waliliona pori wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu awali.

Kosa hilo lilikuwa na gharama. Shinyanga, maelfu ya watu waliitwa na watemi wao kufyeka pori kwa mikono. Kwingineko Tanganyika, familia zilihamishwa zikakusanywa mahali pamoja kwa jina la kupambana na malale, na mashamba waliyoyaacha yakarudi kuwa msitu. Sehemu hiyo sioni namna ya kuichekesha.

Gavana naye? Aingie tukio la tatu, tena asipewe maneno mengi.