Ghala Lilijaa, Mji Ukalala Njaa

Machi 2020, corona ilipobisha hodi, mamangu alinunua gunia zima la mahindi akalisukuma chini ya kitanda. Nilimcheka. Siku hizi simcheki tena, maana nimesoma habari za Hong Kong.

Koloni hiyo ya Waingereza ilikuwa mji wa bandari usioweza kujilisha. Mchele ulikuja kwa meli kutoka Siam, Burma na Indochina. Oktoba 1938 Wajapani wakaiteka Guangzhou, hapo jirani tu, na wakimbizi wakamiminika. Kufikia 1941 mji ulikuwa na watu kama milioni 1.6.

Tuseme ukweli, serikali haikulala. Ilijaza mchele maghalani, ikaweka akiba ya kuni, ikapanga majiko ya umma ya kulisha watu vita vikianza. Suala la lishe akapewa Geoffrey Herklots, mwalimu wa baiolojia chuo kikuu. Alijua kwamba ukila mchele mweupe mtupu, beriberi haiko mbali. Kwa hivyo akatengeneza biskuti ngumu zenye vitamini, za kuliwa mji ukizingirwa.

Sasa shida iko hapa. Mpango wote ulitegemea mji ustahimili hadi msaada ufike.

Wajapani walishambulia 8 Desemba 1941. Siku ya 18, Krismasi yenyewe, gavana Mark Young akasalimu amri. Chakula hakikuwa kimeisha. Kilichokatika mapema kisiwani ni maji, baada ya mabomu kupasua mifereji.

Maghala yakapata mwenyewe mpya. Jeshi la Japani likatwaa mchele, wananchi wakapimiwa mgao mdogo, na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa warudi China bara. Vita vilipoisha 1945, mji ulibaki na watu kama 600,000. Herklots mwenyewe alifungwa kambi ya Stanley, akaionja njaa aliyokuwa akiipangia dawa.

Na kuna hili: Julai 1940 wanawake na watoto wa Kizungu walishaanza kusafirishwa kuelekea Australia. Wachina, ambao ndio walikuwa karibu mji wote, waliachiwa ahadi ya ghala. Hakuna aliyewauliza kitu.

Ghala hilo lilikuwa na ufunguo mmoja tu. Mwenye nao alipoinua mikono, shibe ya mji mzima ikahama naye.

Gunia la mama lilikuwa dogo, lakini ufunguo wa ile nyumba aliufunga kwa leso yake mwenyewe.