Scutum: ngao ya Warumi na maana zake

Scutum ni neno la Kilatini lenye maana ya ngao; wingi wake ni scuta. Katika jeshi la Roma lilitaja ngao kubwa ya askari wa miguu, tofauti na parma, ngao ndogo ya mviringo. Ilitengenezwa kwa tabaka za mbao nyembamba zilizounganishwa kwa gundi na kufunikwa ngozi. Ngao moja iliyopatikana Dura-Europos, nchini Siria, ina urefu wa zaidi kidogo ya mita 1. Askari walipokaribia ukuta wa adui, waliunganisha ngao zao mbele, kando na juu ya vichwa. Mpango huo waliuita testudo, yaani kobe.

Katika Biblia. Kwenye Waefeso 6:16 maandishi ya Kiyunani yana neno thyreos, linalotokana na thyra, mlango. Biblia ya Kilatini imeweka hapo scutum, na sisi tunasoma ngao ya imani.

Katika fedha. Kutoka scutum yalitoka majina ya sarafu: écu ya Ufaransa na escudo ya Ureno. Jirani zetu wa Angola walitumia escudo kabla ya kwanza.

Katika nyota. Mwaka 1684 Johannes Hevelius alilipa kundi moja la nyota jina hilo, kwa heshima ya Jan Sobieski, mfalme wa Poland.

Katika wanyama. Bamba gumu la mgongoni mwa kupe huitwa scutum. Kwa dume hufunika mgongo karibu wote. Kwa jike hufunika sehemu ya mbele tu, hivyo mwili wake huweza kuvimba anaponyonya damu.

Fundisho. Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua ngao za namna nyingine: maji na hirizi zinazoahidi kwamba risasi haitapenya. Vijana wetu wameingia vitani kwa ahadi hiyo, na wengine tumewazika. Basi tusihubiri ngao ya imani kama dawa ya namna hiyo. Barua hiyohiyo inamtaja mwandishi wake akiwa katika minyororo. Imani haikumzuilia kifungo, ilimshika asimwache Bwana akiwa ndani yake. Tena, katika kobe ya Warumi, ngao ya mmoja ilimfunika na jirani yake. Jumapili hii tutazame kando yetu: mjane na mkimbizi wamefunikwa na nani?