Aulizaye Naye Hupimwa

Katika majibizano ya washairi wetu wa pwani, mtoa fumbo hupimwa pamoja na mfumbuzi. Fumbo lisilo na kina humwaibisha mtunzi wake kabla ya mjibu kufungua kinywa. Mizani hiyo yafaa pia kupimia midahalo ya urais ya Marekani, ambayo husimuliwa zaidi kwa majibu kuliko kwa maswali.

Mdahalo wa kwanza katika televisheni ulifanyika Chicago, tarehe 26 Septemba 1960. Hadi leo hutajwa jasho la Richard Nixon na utulivu wa John Kennedy. Husahauliwa swali la mwandishi Sander Vanocur. Nixon alijinadi kwa tajriba yake ya umakamu wa rais. Ilhali Rais Eisenhower, alipoulizwa wazo moja kubwa la Nixon alilolifuata, alisema kwamba akipewa juma moja huenda akalikumbuka. Je, lipi la kuaminiwa? Nixon alijibu kuwa yamkini Rais alifanya mzaha. Swali lile lilishika dai la mgombea mwenyewe, likalidai ushahidi.

Tarehe 13 Oktoba 1988, mjini Los Angeles, Bernard Shaw alimwuliza Michael Dukakis: lau mkewe angenajisiwa na kuuawa, angetaka muuaji ahukumiwe kifo? Dukakis alikataa kwa upole, kama alivyokataa maisha yake yote. Msimamo wake ulikwisha kujulikana. Swali halikutafuta elimu, lilitafuta machozi. Naye akalaumiwa kwa kutoyatoa.

Mjini Richmond, tarehe 15 Oktoba 1992, raia wa kawaida walipewa zamu. Mwanamke mmoja aliwauliza wagombea watatu jinsi deni la taifa lilivyowagusa wao wenyewe; na ikiwa halikuwagusa, wangeyatibuje maradhi ya watu wasiyoyajua? George Bush alisema hakulielewa swali. Kweli lilikuwa na kasoro: aliyekusudia dhiki ya uchumi alitaja deni. Bill Clinton alimsogelea, akamwuliza yeye yamemfikaje, kisha akawataja watu wa jimbo lake waliopoteza kazi, ambao aliwajua kwa majina.

Basi swali lililopinda maneno lilifunua zaidi ya lile lililonyooshwa kwa ustadi, kwani mwenye kuuliza alilihitaji jibu. Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa urais mwaka 2013, na tangu hapo nasi tunao wa kwetu wa kuutazama. Tusimkodolee macho msemaji peke yake. Tumtazame na aulizaye: ana haja ya jibu, au ana haja ya tamasha?