Cherehani ya Kwanza ni Deni
"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka ya umeme au ya miguu?"

Nilikuwa dukani kwake Kariakoo, nami sijawahi hata kutunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Ya umeme ilikuwa mpya na nyepesi, gia zake za plastiki. Ya miguu ilikuwa Singer kuukuu, chuma kitupu, namba yake ikianza na herufi F. Bei zililingana, na zote zilizidi fedha niliyokuwa nayo. "Chukua moja," akasema, "utalipa kidogo kidogo."

Maneno hayo ni ya zamani kuliko duka lake. Mwaka 1856, huko Marekani, cherehani ya Singer ilikuwa na bei ya takriban dola 125, fedha ambayo familia nyingi hazikuwa nayo. Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer, akabuni njia: mteja atangulize dola 5, aende na mashine nyumbani, amalizie kila mwezi. Mauzo yakapanda. Shati la kiume lililochukua saa kama 14 kwa mkono sasa lilishonwa kwa saa moja na ushei, hivyo mashine iliweza kujilipia. Lakini mpaka senti ya mwisho ilipwe, ilibaki mali ya kampuni. Aliyekwama alinyang'anywa. Mwanafunzi wa kushona alijifunza huku anadaiwa.

Ile herufi F nayo ina habari yake. Ni alama ya kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Mwaka 1911 wanawake waliong'arisha mbao za cherehani hapo waliongezewa kazi, wakagoma. Wafanyakazi wapatao 11,000 wakawafuata. Walishindwa, na mamia wakafukuzwa. Kwa hiyo kabla mashine haijamdai mshonaji, ilikuwa imekwisha kuwadai walioiunda.

Nikamuuliza fundi angechagua ipi. "Plastiki ikikatika, utarudi kwangu. Chuma utakitia mafuta mwenyewe."

Nilichagua chuma. Nikalipa theluthi, akaandika jina langu kwenye daftari lake.

Imebaki miezi miwili. Jana nilimkunjia jirani pindo la sketi ya sare ya mwanawe. Mshono umepinda kidogo, lakini hakulalamika. Fedha aliyonipa nimeipeleka Kariakoo.