Mbwa wa Washenzi na Mbwa wa Simba

Kwenye mageti ya Nairobi kuna kibao ambacho hata mtoto asiyejua kusoma anakielewa: MBWA KALI. Nyuma yake huenda yupo mbwa mkali kweli, huenda yupo mzee mmoja aliyelala kivulini, na huenda hakuna mbwa kabisa. Ukimuuliza mwenye nyumba anafuga mbwa gani, jibu huanza na makundi mawili: wa kienyeji au wa kizungu. Wa kienyeji hula mabaki na kulala popote. Wa kizungu ana cheti cha ukoo, ana daktari wake, na kibanda chake kimeezekwa bati.

Mgawanyo huo hukwama ukiwafikia mbwa wawili wanaouzwa kwa vyeti vya kizungu ilhali asili yao ni Afrika: Basenji na Rhodesian Ridgeback. Anayetaka kujua yupi atamfaa nyumbani anaweza kusoma matangazo ya wauzaji. Akiuliza mababu wa kila mmoja walikuwa wakifanya kazi gani, atapata jibu lililo karibu zaidi na ukweli.

Basenji tuanze na jina lake, maana linatuhusu. Watu wa Pwani walimwita mtu wa bara mshenzi, na dharau hiyo ikasafiri na misafara. Kilingala kina neno ndugu yake, basenji, na humo ndimo mbwa huyu alimopata jina: mbwa wa washenzi. Walowezi wa Kenya nao waliliazima neno, mbwa yeyote asiye na ukoo wakamwita shenzi. Kwa hiyo mbwa anayelala leo kwenye makochi ya London na Chicago amevishwa tusi letu, na mwenye kochi hana habari.

Kwao, katika misitu ya Kongo, alikuwa mbwa wa kuwinda. Hunusa, hukurupua wanyama vichakani na kuwasukuma kwenye nyavu. Kwa kuwa habweki, wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni wajue yuko wapi. Si kwamba ni bubu. Akifurahi hutoa sauti iliyo katikati ya kigelegele na jogoo anayejifunza kuwika, na asiyeizoea hugeuka kutafuta mtu aliyeitoa.

Kumfikisha Ulaya hakukuwa rahisi. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka sita Uingereza kutoka Sudan, na wote wakafa baada ya kuchanjwa dhidi ya ugonjwa wa distempa. Mfugaji Olivia Burn alifanikiwa miaka ya 1930. Mbwa wake walipooneshwa Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa yaliyofanyika London mwaka 1937, umati ulisongamana kuwatazama mbwa wa Kongo wasiobweka. Mwaka 1959 mfugaji Veronica Tudor-Williams alikwenda kusini mwa Sudan akarudi na jike mwekundu aitwaye Fula. Fula hakuwahi kushindanishwa, lakini damu yake imo katika karibu kila ukoo wa Basenji uliofuata.

Ridgeback alipita njia nyingine. Wafugaji wa Khoikhoi, kusini kabisa mwa bara, walikuwa na mbwa wenye alama ya ajabu: kuanzia mabegani hadi karibu na kiuno, manyoya ya mgongoni huota kuelekea kichwani. Ukipitisha kiganja hapo unahisi mstari kama mshono, na mwanzoni mwake kuna mizunguko miwili kama ule wa utosini mwa mtoto. Mbwa hao walichanganyika na wale wa walowezi wa Kizungu. Miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka wawili Hope Fountain, karibu na Bulawayo, na mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na kundi lake. Aligundua kwamba waliozaliwa na mstari walimkabili simba vizuri kuliko wenzao.

Kumkabili, lakini si kumuua. Mbwa anayerukia koo la simba haishi hadi jioni. Kazi yao ilikuwa kumzunguka, kumchokoza, kuruka nyuma kabla kucha hazijafika, na kumzuia pale pale mpaka mwenye bunduki atokee. Mwaka 1922 Francis Barnes aliwakusanya wafugaji Bulawayo wakaandika sifa za mbwa kamili, kwa kuegemea kielelezo cha mbwa aina ya Dalmatian. Kuanzia hapo mstari ukawa sheria, na kwa miaka mingi wafugaji waliwaua watoto waliozaliwa bila huo mstari, hata wakiwa na afya njema. Mwaka 2007 watafiti walionesha kwamba badiliko la vinasaba linaloleta mstari ndilo pia linaloongeza hatari ya tundu la ngozi linaloweza kufika kwenye uti wa mgongo. Wafugaji walikuwa wakitupa mtoto aliyekwepa ugonjwa na kubaki na mwenye alama.

Sasa rudi getini. Ridgeback dume ana kimo cha hadi sentimita 69 na uzito wa kilo 36 au zaidi. Kibao cha MBWA KALI kinamstahili hata akiwa amesinzia. Naye habweki ovyo, hutazama kwanza. Anataka uwanja na mtu wa kumkimbiza kila siku, na anataka sufuria kubwa. Akiwa mdogo anaweza kumwangusha mtoto wa miaka mitatu kwa mkia tu. Basenji ana kilo 11 hivi, hujilamba kama paka, na jike kwa kawaida hupata joto mara moja kwa mwaka. Kwa fleti yenye majirani wakali hakuna mtulivu kama yeye, ili mradi viatu viwe juu ya kabati. Ila ukiwa na kuku, fikiri tena. Hupanda uzio wa waya, na akishaona kitu kinakimbia, jina lake hasikii. Kwa ulinzi wa usiku, mbwa asiyebweka ni hasara tupu.

Tukirudi kwenye vyeti, Basenji waliokuwa navyo baadaye walianza kuugua. Ugonjwa wa Fanconi, ambao hufanya figo ziachie sukari na virutubisho vipotee kwenye mkojo, ulienea kwa sababu koo zote zilitokana na mbwa wachache mno. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi vijiji vya Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta mbwa wapya. Walirudi nao, wengine wakiwa na manyoya ya milia, na mwaka 1990 American Kennel Club ikafungua daftari lake la koo kuwaandikisha. Mbwa waliokuwa wakilala jivuni kijijini, bila karatasi yoyote, wakapewa vyeti.