Kivuli cha Ndege Juu ya Maji

Kwenye mazungumzo ya wapenzi wa filamu hapa Mwanza, kijana mmoja alitamka kwa uhakika kwamba noir iliingia Tanzania mwaka 2015, Hamadi Mwapachu alipoipa filamu yake jina la Dar Noir. Nikanyamaza. Siku mbili baadaye, kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi ya Buzuruga, nikaokota Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, haina jalada, pembe zimeliwa na mchwa. Kitabu cha 1965. Nikajua jibu la yule kijana nimelipata.

Chimbuko lenyewe halina haja ya maneno mengi. Vita vya Pili vilipokwisha, filamu za Marekani zilizokuwa hazifiki Ufaransa ziliingia Paris kwa mkupuo, na mwaka 1946 mhakiki Nino Frank akaziita noir, yaani nyeusi. Waliozitengeneza walidhani wanatengeneza filamu za uhalifu tu. Mimi naziita sinema ya giza. Tukisema “filamu nyeusi” tutajikuta tunajadili rangi za watu, wakati suala ni taa. Taa, na hatia. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder (1944), msimulizi ndiye muuaji: yuko ofisini usiku, anaungama mbele ya mashine ya kurekodi sauti. Msimulizi mwenye hatia: hicho ndicho kipimo changu.

Giza hilo halikutufikia kutoka Hollywood peke yake. Majumba ya sinema ya Afrika Mashariki yalijaa watu kwa filamu za Bombay, na mwaka 1951 ulizaa mbili: Baazi ya Guru Dutt, Dev Anand akiwa mcheza kamari, na Awara ya Raj Kapoor, mtoto wa hakimu anayeangukia mikononi mwa jambazi. Awara ilipendwa mno Zanzibar. Mle ndani, katikati ya nyimbo, kuna nyuso zilizokatwa nusu na kivuli. Anayesema nyimbo hufukuza giza hajawahi kuisikiliza taarabu vizuri.

Kwenye vitabu, wengi huanzia kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Siwafuati. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni riwaya tamu, lakini Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, hata kiko anacho. Fumbo likishafumbuliwa, kila mtu anarudi mahali pake. Jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba naye ana serikali nzima mgongoni, hatishiki. Katalambulla ndiye aliyelishusha giza Dar es Salaam, akamwachia Inspekta Wingo alipapase. Tena akahariri Film Tanzania, jarida la hadithi za picha, watu wakiigiza mapenzi na mauaji ukurasa baada ya ukurasa. Ilikuwa sinema ya karatasi, ya kuazimana.

Naruka miaka mingi. Viva Riva! ya Djo Munga kutoka Kinshasa (2010) na Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga (2012) zina wasifiaji wa kutosha. Mimi nina deni la nyumbani.

Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare, ambayo huku tunaiita filamu ya mapanki, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa. Inafunguka kwa kivuli cha ndege kikiteleza juu ya ziwa. Ndege za Ilyushin zinatua Mwanza kubeba minofu ya sangara kwenda Ulaya. Usiku marubani wake wanakunywa na akina dada. Mlinzi wa taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu, analinda kwa dola moja kwa usiku, na vita kwake ni ajira. Hata Wilder asingemtunga mtu huyo.

Julai 2006 Rais Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani, na Mwanza watu wakaandamana. Ubishi ukaangukia kwenye mifupa: je, mapanki huliwa na watu au ni chakula cha mifugo? Aliyewahi kupita penye karai la mafuta anajua jibu. Huko Ufaransa mwanahistoria wa sinema François Garçon alikuwa ameshaandika kwamba silaha zinazodokezwa hazionekani popote kwenye filamu. Ni kweli, hazionekani. Alipodai kwamba watoto walilipwa ili waigize, Sauper akamshtaki kwa kashfa, akashinda 2008, na tena kwenye rufaa 2009.

Kote walibishania ushahidi. Lakini sinema ya giza kazi yake ni kushuku, na kwa hilo namtetea Sauper. Nisichoweza kumtetea ni kwamba aliushuku mji mzima. Asubuhi ya Buzuruga, makondakta wakiita abiria, wanafunzi wakivuka barabara, haina nafasi mle. Walioandamana waliuona mji wao kizimbani, na msimulizi hayumo. Ameacha maandishi tu kwenye skrini.

Isipokuwa karibu na mwisho. Rubani mmoja anaeleza, kwa Kiingereza cha kubabaisha, kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Krismasi ile watoto wa Angola walipata bunduki, wa Ulaya wakapata zabibu. Anayesema ndiye aliyebeba.

Simu ya Kifo nimemwazima yule kijana. Filamu ya mapanki nimemwambia aianzie hapo kwa rubani, ndipo arudi nyuma.